Rezista za mfululizo na za sambamba: pima kwanza, kokotoa baadaye

Wengi wanaochanganya mfululizo (rezista zinazofuatana kwenye njia moja ya umeme) na sambamba (rezista zilizo kwenye njia tofauti za pembeni kwa pembeni) hawakosei hesabu. Fomula wanazo kichwani, tena wanazitaja bila kukwama. Kinachowakwaza ni kutazama jinsi rezista zilivyolala badala ya kufuata njia ya umeme. Kitabuni mfululizo huchorwa kwenye mstari mmoja na sambamba huchorwa kwa umbo la ngazi, basi akili inashika mchoro. Fungua redio iliyozimika, ukute rezista mbili zimelala ubavu kwa ubavu kwenye bodi, utaapa ni sambamba. Igeuze bodi upande wenye risasi ya kulehemu, kumbe zinafuatana.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa sekondari anayesoma umeme, na wa kijana anayejifunza kazi kwa fundi, awe Mtwara mjini, Masasi, Nachingwea au Kilwa Masoko. Gesi ya Mnazi Bay na ya Songo Songo imeufanya ukanda wetu utajwe kila umeme unapozungumzwa, lakini huku vijijini bado ziko nyumba nyingi zinazotegemea paneli ya sola na betri ya volti 12, kwa hiyo betri hiyo ndiyo tutakayoitumia. Umeme wa ukutani, ule wa volti 230, usiuguse kwa majaribio haya hata kidogo.

Hatua ya 1: Andaa vitu

Tafuta mita ya dijitali, hata ile ya bei ya chini kabisa inatosha. Tafuta rezista moja ya kilo-omu 1 na mbili za kilo-omu 2.2, zote za robo wati. Betri iwe ya pikipiki au ya sola. Ongeza vipande vya waya vyenye vibanio, na fyuzi ya ampea 1 utakayoifunga kwenye waya wa chanya, karibu na betri. Fyuzi usiidharau. Betri ndogo ya pikipiki ikipigwa shoti inaweza kuyeyusha waya mwembamba kabla hujajua umeshika wapi.

Rezista si lazima ununue. Fundi yeyote wa redio ana boksi la bodi mbovu chini ya meza. Muombe kwa adabu, mwambie, "Shikamoo fundi, naomba bodi moja ya kujifunzia," na mara nyingi utapewa mbili. Soma rangi ukianzia upande wa mbali na mstari wa dhahabu. Kahawia, nyeusi, nyekundu ni kilo-omu 1: kahawia ni 1, nyeusi ni 0, na nyekundu ya tatu inasema ongeza sifuri mbili. Nyekundu tatu mfululizo ni 2, 2, na sifuri mbili, yaani omu 2,200. Orodha nzima ni hii: nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, njano 4, kijani 5, bluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Dhahabu ya mwisho inamaanisha thamani inaweza kupanda au kushuka kwa asilimia 5, hivyo rezista ya omu 1,000 inayosoma 960 au 1,040 ni nzima kabisa.

Kwa nini nimechagua za kilo-omu na si za omu 100 zinazopendwa na vitabu? Weka rezista ya omu 100 kwenye volti 12 uone. Mkondo ni 12 ÷ 100, yaani ampea 0.12, na joto lake ni 12 × 0.12, yaani wati 1.44. Rezista yenyewe imetengenezwa kubeba wati 0.25. Itatoa moshi, rangi zitabadilika kuwa nyeusi zote, na kidole chako kitapata alama. Ile ya kilo-omu 1 kwenye volti hizohizo inabeba wati 0.144, inapata uvuguvugu tu.

Hatua ya 2: Pima kila moja peke yake

Geuza kitufe cha mita kwenye omu, pima rezista tatu, andika kila namba. Usiandike iliyopo kwenye rangi. Andika ya mita. Hesabu zote zinazokuja uzifanye kwa namba zako, maana ukitumia namba za rangi utapata tofauti ndogo halafu uanze kudhani fomula ina kasoro.

Usibane miguu yote miwili ya rezista kwa vidole. Mwili wako nao ni rezista, na ukishika hivyo umeuunga sambamba na unachopima. Kwenye kilo-omu 1 hutaona tofauti, ila kwenye mega-omu 1, na kwa jasho la Mtwara la mwezi wa Januari, mita itakudanganya vibaya. Shika mguu mmoja tu.

Hatua ya 3: Unga kwa mfululizo

Chukua ile ya kilo-omu 1, sokota mguu wake mmoja na mguu mmoja wa kilo-omu 2.2. Pima kutoka ncha huru hadi ncha huru. Utasoma karibu omu 3,200. Kwenye mfululizo, ambao mafundi wengi huuita siriizi, ukinzani, yaani kiasi rezista inavyouzuia mkondo, unajumlishwa na hakuna zaidi ya hapo.

Sasa funga betri kwenye ncha hizo mbili. Nitakokotoa kwa volti 12 kamili; betri yako ikiwa imejaa itasoma kama 12.6, basi tumia yako. Kanuni ni ile aliyoichapisha Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827: mkondo ni volti gawanya kwa omu. 12 ÷ 3,200 ni ampea 0.00375, yaani miliampea 3.75.

Hapa fanya jambo ambalo wengi huliruka. Geuza mita ipime miliampea, kata njia, uiingize mita ndani ya njia, kwanza kati ya betri na rezista ya kwanza, kisha kati ya rezista mbili, kisha baada ya rezista ya pili. Sehemu zote tatu itasoma namba ileile. Wanafunzi wengi wanaamini rezista ya kwanza "inakula" mkondo kiasi na kuipa ya pili makombo. Haili. Njia ni moja, kinachoingia ndicho kinachotoka. Kinachogawanywa ni volti.

Rudisha mita kwenye volti, na kabla ya kugusa chochote hamisha waya mwekundu wa mita kutoka tundu la ampea. Mita iliyoachwa kwenye ampea halafu ikawekwa juu ya nguzo mbili za betri ni shoti tupu, na hivyo ndivyo fyuzi nyingi za ndani ya mita hufa. Gusa pande mbili za kilo-omu 1: volti 3.75. Gusa pande mbili za kilo-omu 2.2: volti 8.25. Zijumlishe, unapata 12. Rezista kubwa imechukua volti nyingi, na kwa uwiano uleule wa omu zake. Ukilishika hili umeshaelewa namna ya kuchukua volti 12 na kutoa volti ndogo kwa ajili ya kupimia kitu, ingawa usithubutu kuchajia simu kwa njia hiyo. Mara tu simu ikianza kuvuta mkondo, mgawanyo wote unavurugika.

Hatua ya 4: Unga kwa sambamba

Toa betri. Sokota miguu ya upande mmoja pamoja, na ya upande wa pili pamoja. Kabla ya kupima, kadiria: mita itasoma ngapi? Wengi husema "katikati ya 1,000 na 2,200". Pima. Utasoma karibu 687, chini hata ya ile ndogo.

Hapa ndipo watu hugoma. Tumeongeza kizuizi, kizuizi kimepungua? Fikiria foleni ya korosho kwenye ghala la chama cha msingi. Kuna mzani mmoja na karani wake ni mwepesi. Wakileta mzani wa pili, hata kama karani wa huo ni mzito wa mkono, magunia yataisha mapema kuliko ulipokuwa mzani mmoja peke yake. Huwezi kufungua njia ya pili ukaifanya foleni iwe ndefu zaidi. Ndiyo maana ukinzani wa sambamba siku zote uko chini ya ule mdogo kuliko wote, na hii ni silaha yako ya kukagua majibu: ukikokotoa rezista za sambamba ukapata namba kubwa kuliko iliyo ndogo, umekosea, usiendelee mbele.

Kwa rezista mbili, zidisha kisha ugawanye kwa jumla: (1,000 × 2,200) ÷ 3,200, unapata 687.5. Zikiwa tatu au zaidi, njia hiyo haifai. Nimewaona wanafunzi wanazidisha zote tatu na kugawanya kwa jumla ya zote tatu, wakapata laki nane na kitu, na wakaandika kwenye daftari bila kushtuka. Kwa tatu, gawanya 1 kwa kila rezista, jumlisha, halafu gawanya 1 kwa jumla hiyo. Au fanya mbili kwanza, jibu lake uliunganishe na ya tatu. Zikiwa za thamani moja, kazi ni rahisi zaidi: gawanya thamani kwa idadi. Mbili za 2,200 ni 1,100.

Funga betri sasa. Volti kwenye kila rezista ni 12, zote mbili, hakuna mgawo. Mkondo ndio unaogawanyika: kilo-omu 1 inapitisha miliampea 12, kilo-omu 2.2 inapitisha 5.45 hivi, na betri inatoa jumla yake, 17.45. Rezista ndogo imepata mkondo mwingi. Kwenye mfululizo kubwa ndiyo inayopata joto zaidi. Kwenye sambamba ni ndogo. Gusa kwa kidole baada ya dakika chache, utahisi tofauti.

Hiyo ndiyo sababu taa na soketi za nyumba huungwa sambamba. Kila kimoja kinapata volti 230 zake, na ukizima taa ya chumbani, friji ya sebuleni haijui.

Hatua ya 5: Jifunze kuona viungio

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ni kazi ya penseli tu. Chora sakiti yoyote. Chukua kalamu ya rangi, anza kwenye nguzo ya chanya ya betri, paka waya wote unaoweza kuufikia bila kuvuka rezista. Ukifika kwenye rezista, simama. Badilisha rangi, anza upande wa pili wa rezista hiyo, paka tena mpaka ukutane na rezista nyingine. Endelea hivyo mpaka nguzo ya hasi. Kila rangi ni kiungio kimoja, hata kama kwenye karatasi kinazunguka kona nne.

Kisha tazama. Rezista mbili zikiwa na rangi zilezile pande zote mbili, ni sambamba, hata kama moja iko juu ya karatasi na nyingine chini kabisa. Rezista mbili zikishirikiana rangi moja, na kwenye rangi hiyo hakuna kitu kingine chochote kilichogusa, ni mfululizo. Sharti hilo la "hakuna kingine" ndilo linalosahaulika. Kikichomekwa hata kijiwaya kimoja katikati, kinachokwenda kwenye taa, mkondo una njia panda, na rezista zile hazihesabiki tena kuwa mfululizo.

Jaribu na hii. Kilo-omu 1 inatoka chanya, inafika kwenye kiungio, na hapo zinaanza zile mbili za kilo-omu 2.2, zote zikiishia hasi. Rangi ni tatu. Zile mbili zina rangi sawa pande zote, hivyo zifanye rezista moja ya 1,100. Sasa umebaki na 1,000 na 1,100 zinazofuatana, jumla 2,100. Mkondo wa betri ni 12 ÷ 2,100, miliampea 5.71. Kilo-omu 1 inashika volti 5.71, zilizobaki 6.29 ziko juu ya zile mbili, na kila moja ya hizo inapitisha nusu ya mkondo, 2.86 hivi. Iunge mezani, pima kila sehemu, linganisha.

Zipo sakiti ambazo ukizipaka rangi hutapata mfululizo wala sambamba popote. Maarufu ni daraja la Wheatstone likiwa na rezista ya tano katikati, ambalo Samuel Hunter Christie alilielezea mwaka 1833 na Charles Wheatstone akalifanya lijulikane mwaka 1843. Ukikutana nalo usilazimishe fomula hizi mbili. Lina njia zake.

Hatua ya 6: Taa za LED kwenye betri ya sola

Sasa tuingie kazini. Kitaa cheupe cha LED kikiwaka hushika takriban volti 3.2, na vile vidogo vya milimita 5 havitakiwi kupita miliampea 20. Rezista inawekwa nacho kwa mfululizo ili kuzishika volti zinazobaki. Kwa kitaa kimoja kwenye volti 12: 12 toa 3.2 ni 8.8; gawanya kwa 0.02, unapata omu 440. Dukani au kwenye boksi utakuta 470, chukua hiyo. Daima panda kwenda thamani ya juu, usishuke.

Lakini kwa kitaa kimoja, volti 8.8 zote zinaishia kuwa joto. Afadhali upange vitatu kwa mfululizo: vinashika 9.6, zinabaki 2.4, gawanya kwa 0.02, ni omu 120. Hesabu ni safi, na ndivyo wengi wanavyounga. Kisha baada ya wiki chache vitaa vinaanza kufifia kimoja baada ya kingine, mteja anarudi na maneno makali.

Sababu ni kwamba betri ya volti 12 haikai kwenye 12. Mchana, paneli ikichaji, inapanda hadi kama 14.4. Toa 9.6, zinabaki 4.8, mara mbili ya ulizokokotolea. Kwenye omu 120 mkondo unakuwa miliampea 40, na taa iliyosahauliwa ikiwaka mchana inaungua taratibu. Kokotoa kwa 14.4, siyo kwa 12. 4.8 ÷ 0.02 ni 240; panda hadi 270. Betri ikichaji utapata miliampea 17.8, na usiku kwenye 12.5 utapata 10.7. Mwanga unapungua kidogo, macho yanazoea haraka, na taa inadumu.

Na vinne je? Vinne vinataka volti 12.8. Hapo unapata ule ugonjwa ambao mteja huueleza hivi: "Fundi, hii taa yako inawaka vizuri mchana, usiku haina nguvu." Anasema kweli tupu, na ukijua hesabu hutamcheka. Betri ikichaji zinafika volti za kutosha. Jua likizama zinapungua chini ya 12.8.

Ukitaka vitaa kumi na tano, tengeneza mistari mitano ya vitatu vitatu, iungwe sambamba, na kila mstari uwe na rezista yake ya 270. Usijaribu kuokoa kwa kuweka rezista moja kubwa mbele ya mistari yote. Vitaa havifanani kwa usahihi. Mstari unaoshika volti kidogo kidogo chini ya wenzake utavuta mkondo mwingi, utapata moto, na ukipata moto utavuta zaidi.

Hatua ya 7: Rezista ambazo hukuzinunua

Kila waya una ukinzani, na kila kiungo kilichoshika kutu kina ukinzani, na vyote viko mfululizo na mzigo wako. Kwenye sakiti ya miliampea huwezi kuona. Kwenye ampea nne unaona.

Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba una karibu omu 12.1 kwa kilomita. Sema betri iko ndani na jiko liko mita 20 nyuma ya nyumba. Umeme unakwenda na kurudi, hivyo waya ni mita 40, yaani omu 0.48. Mzigo ukivuta ampea 4, kwenye waya peke yake zinapotea volti 1.9. Kwenye volti 230 hasara hiyo si kitu. Kwenye 12 ni janga: feni inazunguka kwa kujivuta na TV inajizima. Ukiwa na waya mwingine wa aina hiyohiyo, upitishe pamoja na wa kwanza na uunge ncha zao pamoja kila upande. Nyaya mbili za sambamba zina nusu ya ukinzani, na hasara inashuka karibu na volti 1. Waya wa milimita 2.5 ungekupa hasara ya 1.2 hivi.

Pwani yetu ina la ziada, nalo ni chumvi. Kuanzia Msimbati hadi Mikindani, na kupanda Lindi hadi Kilwa, nyumba iliyo karibu na bahari utakuta nguzo za betri zimeota unga, wa kijani pale penye shaba na mweupe pale penye risasi. Usianze kwa kulaumu betri. Weka mita kwenye volti, washa mizigo yote, halafu gusa ncha moja ya mita kwenye nguzo yenyewe ya betri na ncha nyingine kwenye kibanio kilichoishika. Vinagusana, kwa hiyo inapaswa kusoma karibu na sifuri. Ukisoma 0.8, umemkamata mwizi: kwa ampea 4 hiyo ni omu 0.2, na wati 3.2 za joto mahali padogo. Gusa kibanio, utakikuta cha moto.

Fungua nyaya, ukianza na hasi. Osha kwa maji ya moto yenye magadi, kausha, piga msasa mpaka metali ing'ae, funga tena kwa nguvu, kisha paka grisi juu. Grisi inapakwa baada ya kufunga.

Hatua ya 8: Spika za sabufa

Msimu wa korosho ukilipa, masabufa huongezeka mitaani, na pamoja nayo mafundi wa kuongeza spika. Kosa ni lilelile kila mwaka. Mtu ana amplifaya iliyoandikwa nyuma kwamba inataka omu 4 au zaidi, na ina spika moja ya omu 4. Anaongeza ya pili ya omu 4 kwa sambamba, kwa kuwa ndiyo njia rahisi, waya juu ya waya. Sasa amplifaya inaona omu 2. Ikitoa volti 20, ilikuwa inasukuma ampea 5. Sasa inatakiwa kusukuma 10. Muziki unapanda kweli, watu wanafurahi, na kabla ngoma haijakesha kunanuka.

Spika mbili za omu 8 kwa sambamba zinakupa 4, hapo uko salama. Mbili za omu 4 ziunge mfululizo upate 8. Sauti haitakuwa kubwa kama ulivyotaka, lakini amplifaya itaamka kesho. Ukiwa na nne za omu 8, unga mbili mbili kwa mfululizo upate jozi mbili za 16, kisha jozi hizo uziunge sambamba: unarudi kwenye 8 palepale. Chunga chanya na hasi za kila spika. Moja ikigeuzwa, besi inakufa kwa sababu moja inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta.

Ukipima spika ya omu 8 kwa mita na ukasoma 6 au 7, si mbovu. Mita inapima ukinzani wa waya wa koili tu, wakati 8 ni upinzani wake ikiwa inapitisha sauti.

Hatua ya 9: Kupima rezista ikiwa bado kwenye bodi

Zima, toa betri, subiri kapasita, yaani vifaa vinavyohifadhi chaji, ziishiwe chaji. Pima rezista palepale ilipo. Kumbuka kuna njia nyingine zilizo sambamba nayo kupitia bodi, na njia za sambamba hushusha tu, hazipandishi. Kwa hiyo ukisoma chini ya thamani ya rangi, hujajua kitu. Badilisha ncha za mita upande kwa upande, na bado ikisoma chini, chomoa mguu mmoja upime tena. Ukisoma juu ya thamani, kupita ile asilimia 5, na namba imetulia haipandi polepole kama ya kapasita inayojaa, basi huna haja ya kuchomoa ili uhakikishe. Rezista zikiungua hupanda au hukatika kabisa. Hiyo imekwisha, toa uweke nyingine ya thamani ileile na ya wati zisizopungua za ile ya zamani. Na kabla hujawasha, tafuta kilichoifanya iungue, kwa sababu rezista mara chache hufa peke yake: angalia transista iliyo mbele yake, au kapasita iliyovimba kichwa.